Una shahada na sasa unataka uuguzi: mwongozo kwa waombaji wa Ilemba na Ufipa

Mwezi wa saba Bonde la Ziwa Rukwa huwa limepumua. Mpunga umeshavunwa, magunia yamepangwa ukutani, na barabara ya kupanda milima ya Lyamba lya Mfipa inapitika bila abiria kushuka kusukuma gari. Msimu huohuo ndipo madirisha ya udahili wa vyuo hufunguliwa, na vijana wa Ilemba hupanda kwenda Sumbawanga mjini na bahasha ya kaki kwapani. Wengi wao wanataka uuguzi.

Siku hizi miongoni mwao wamo ambao si wahitimu wapya wa kidato cha sita. Tuchukue mfano wa dada mwenye shahada ya ualimu wa sayansi. Amemaliza chuo kikuu miaka mitatu iliyopita, anajitolea kufundisha huku akisubiri ajira, na katika miaka hiyo amemuuguza mama yake. Amekaa usiku mwingi kwenye benchi la wodi akiwatazama wauguzi kazini, na humo ndani moyo wake ukageuka. Swali lake ni moja: kwa kuwa nina shahada tayari, nianzie wapi?

Makala haya ni kwa ajili yake. Yatamfaa pia mhitimu wa kidato cha sita, na muuguzi wa stashahada anayetaka kupanda ngazi, kwa sababu wote watatu wanagombea viti vilevile.

Shahada ya kwanza haifupishi njia

Nchi kama Uingereza na Marekani zina kozi za uuguzi zilizotengwa kwa watu wenye shahada nyingine. Uingereza kuna shahada ya uzamili ya miaka miwili inayomfikisha mtu kwenye usajili wa uuguzi, na Marekani kuna kozi za haraka ambazo kwa kawaida huchukua kati ya miezi 11 na 18. Hapa Tanzania njia hiyo ya mkato haijazoeleka. Shahada ya uzamili ya uuguzi inayotolewa na vyuo vyetu ni ya mtu ambaye ni muuguzi tayari. Haimgeuzi mwalimu au mhasibu kuwa muuguzi.

Kwa hiyo dada yetu wa mfano atarudi kwenye milango ileile wanayopitia wengine, na atakachoulizwa kwanza ni matokeo yake ya sekondari. Cheti cha chuo kikuu hakizibi pengo la kemia ya kidato cha sita. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakipoteza mwaka mzima wakitafuta kozi ambayo haipo, na wengine wakilipa fedha kwa wapiga debe wanaowaahidi kuingizwa mwaka wa pili kwa nguvu ya shahada yao ya zamani.

Hata hivyo shahada hiyo haijapotea. Mtu aliyekwisha kusoma chuo anajua kusoma vitabu vya Kiingereza, anajua kuandika ripoti, na amezoea kupanga muda wake. Akishaingia darasani faida hiyo itaonekana. Kazi ni kuufikia mlango.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni stashahada ya uuguzi na ukunga. Ni miaka mitatu, yaani ngazi ya nne, ya tano na ya sita za mfumo wa NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Kinachoangaliwa ni matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu. Kwa vyuo vya afya vya Tanzania Bara, maombi hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET. Unaingia mara moja, unachagua vyuo, na mfumo unakupanga kulingana na alama zako na nafasi zilizopo.

Huhitaji kwenda mbali kuviona vyuo hivyo. Sumbawanga mjini kuna chuo cha uuguzi, na Namanyere wilayani Nkasi kuna Chuo cha Mtakatifu Bakhita. Kwa mtu wa Ilemba kusoma ndani ya mkoa kunapunguza nauli, na likizo unaweza kurudi kusaidia shambani.

Mlango wa pili ni shahada ya uuguzi kwa kutumia matokeo ya kidato cha sita. Ni miaka minne darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Hapa unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo kikuu. Sifa zinachapishwa kila mwaka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Vyuo vinavyotoa shahada hiyo ni pamoja na Muhimbili na Aga Khan vya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vya Dodoma, chuo cha KCMC cha Moshi, na chuo cha Bugando cha Mwanza. Muhimbili kuna pia shahada ya ukunga inayosimama peke yake, na waombaji wengi huisahau.

Mlango wa tatu ni shahada ya uuguzi kwa mtu ambaye tayari ni muuguzi wa stashahada. Vyuo vingi hudai GPA isiyopungua 3.0, au wastani wa B, pamoja na angalau D katika kidato cha nne kwa masomo matano: hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Wauguzi wengi wazuri hukwama kwenye hilo la mwisho. Mtu ana miaka kumi ya kazi na GPA nzuri, lakini hisabati ya kidato cha nne alipata F, na fomu inarudi.

Mwenye shahada nyingine achague kati ya mlango wa kwanza na wa pili. Akiwa na kidato cha sita cha sayansi chenye alama za kutosha, shahada ya miaka minne inamfaa. Kama kidato cha sita alisoma masomo ya sanaa lakini kidato cha nne alifaulu sayansi, stashahada iko wazi kwake. Baada ya hapo anaweza kupanda kwa mlango wa tatu. Hakuna aibu mtu mwenye shahada kukaa darasa la stashahada. Mgonjwa aliyelala kitandani haulizi muuguzi wake alianza na cheti gani.

Hesabu ya alama

Kaa na karatasi ya matokeo yako na kalamu. Kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa miaka ya karibuni mwongozo wa TCU umedai pointi zisizopungua 6 kwa masomo matatu: kemia, baiolojia, na la tatu likiwa fizikia, hisabati ya juu au lishe. Lakini kila somo lina kiwango chake: kemia angalau C, baiolojia angalau D, somo la tatu angalau E.

Sasa tazama waombaji wawili. Wa kwanza ana kemia C, baiolojia D na fizikia E. Jumla ni 3 na 2 na 1, yaani pointi 6. Anaruhusiwa kuomba. Wa pili ana kemia D, baiolojia B na fizikia C. Jumla ni 2 na 4 na 3, yaani pointi 9. Ana pointi nyingi kuliko mwenzake, lakini hana sifa, kwa sababu kemia yake haikufika C. Makosa ya namna hii hufanyika kila mwaka: mtu anajumlisha pointi, anafurahi, analipia maombi vyuo vitatu, na vyote vinamwacha kwa sababu moja.

Aliyesoma kombi ya CBG naye asome kwa makini. Jiografia ni somo zuri, lakini haizibi nafasi ya fizikia kwenye orodha hiyo. Na kwa kuwa miongozo hubadilika, soma ule wa mwaka unaoomba, ukurasa wa chuo unachokitaka, mstari wa kozi unayoitaka. Usitegemee picha ya ukurasa iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hii. Yule mwenye pointi 6 ana sifa, lakini hana uhakika. Sifa ya chini inakuingiza kwenye foleni tu, na wodi za kufundishia zina vitanda vinavyohesabika, hivyo viti vya uuguzi navyo vinahesabika. Waombaji wenye sifa wakizidi viti, chuo huchukua wenye alama za juu kwanza. Mwenye pointi 6 anayeomba Muhimbili pekee anauchezea kamari mwaka wake.

Alama zisipotosha

Kama kilichokukwamisha ni somo moja, dawa ipo. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linaruhusu watahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na wa kidato cha sita Mei, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla. Anayeamka Oktoba kutafuta kituo cha kufanyia hisabati ya Novemba amechelewa. Kwa kemia, baiolojia na fizikia, tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa sababu sehemu ya vitendo ina alama zake na haisomwi kwa kukariri.

Na wakati ukijiandaa kurudia somo, kaa karibu na kazi yenyewe. Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze nia yako kwa adabu, uombe kusaidia kazi zisizohitaji leseni: kupanga kadi siku ya kliniki ya mama na mtoto, kusaidia kupima uzito wa watoto, kuwaelekeza wagonjwa. Utaona uuguzi ulivyo. Utamwona muuguzi mkunga wa zamu ya usiku akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kila nusu saa, akiweka nukta kwenye patografu, akisikiliza tena, akiweka nukta nyingine, na katikati ya nukta hizo akimpa moyo mama anayelia. Watu wawili wanategemea uaminifu wa mtu mmoja kwenye karatasi hiyo. Ukiona hivyo na bado unautaka, basi unautaka kweli.

Bahasha ya vyeti

Andaa vyeti mwaka mmoja kabla, msimu wa mvua, wakati hakuna haraka. Unahitaji cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti au hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, na kwa mwenye shahada, cheti cha shahada na hati ya alama zake. Vipige picha kwa skana kimoja kimoja, vihifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Picha ya simu iliyopigwa cheti kikiwa juu ya goti haitoshi.

Kagua majina. Chukua vyeti vyote, vipange mezani, soma jina herufi kwa herufi. Mara nyingi cheti cha kuzaliwa kina majina mawili na cha kidato cha nne kina matatu, au jina la babu limeandikwa kwa l mahali pamoja na kwa r mahali pengine, au binti alitumia jina la baba shuleni na la mume kwenye kitambulisho. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba ni mtu mmoja. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au mahakamani, na mabadiliko makubwa kwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Kazi hiyo inataka muda na nauli, na wiki ya mwisho ya dirisha hutakuwa na kimojawapo.

Muuguzi wa stashahada anayeomba shahada ana kitu kingine cha kufuatilia: namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, inayojulikana kama AVN. Bila namba hiyo chuo kikuu hakiwezi kuona matokeo yako. Huipati kama chuo ulichosoma hakijapeleka matokeo yako NACTVET, kwa hiyo kama ulihitimu karibuni, piga simu chuoni mapema uulize kama matokeo yamepelekwa.

Aliyesomea nje ya nchi, hata kama ni Zambia hapo jirani, apeleke matokeo yake ya sekondari NECTA kwa ulinganisho, na tuzo za chuo kikuu TCU kwa utambuzi. Hayo nayo yaanze mapema.

Simu yako, barua pepe yako

Hapa nasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoomba chuo, nilimwachia kijana wa steshenari akanijazia kila kitu. Alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, akaweka namba yake ya simu na barua pepe aliyoifungua palepale. Nilichaguliwa. Ujumbe wa kuthibitisha ukaenda kwenye simu yake, nami nikaja kujua muda ukiwa umepita. Sikumlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pembeni ya kompyuta nikitazama barabarani.

Kwa hiyo ukifika steshenari, kaa ukiangalia kioo. Mwambie, "Kaka, weka namba yangu, na barua pepe ni hii hapa nimeiandika." Fungua barua pepe hiyo mwenyewe kabla, uandike nywila kwenye daftari unalolitunza nyumbani. Namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako, laini usiyokusudia kuibadilisha mwaka huo. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma upya namba yako ya mtihani na mwaka wa kumaliza. Ukishalipia kwa namba ya malipo, hifadhi ujumbe wa muamala.

Hili lina uzito kwa sababu ya jinsi udahili wa vyuo vikuu unavyofanya kazi. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unapaswa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku chache, kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Usipothibitisha, kiti kinaweza kwenda kwa mwingine. Mtu wa Ilemba ambaye mtandao wake hukatikakatika apange kabisa nani aliye Sumbawanga atamsaidia kuangalia akaunti wiki hiyo.

Kuchagua vyuo

Gawa chaguo zako kama mkulima anavyogawa shamba. Hakuna anayepanda shamba lote kwenye bwawa kwa kutumaini mvua itakuwa ya kiasi. Chagua chuo kimoja unachokitamani hata kama ushindani wake ni mkali. Chagua kingine ambacho alama zako zinazidi kidogo kiwango chake. Na chagua cha tatu ambacho unaona dhahiri una nafasi, na ambacho uko tayari kwenda ukichaguliwa. Chaguo ambalo huna nia nalo usiliweke, kwa sababu mfumo unaweza kukupa hilohilo.

Kabla ya kulipia chuo chochote, hasa cha binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET au kina ithibati ya TCU, na kwamba kozi yake ya uuguzi inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza hilo, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndilo litakalokupa leseni. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakitakufikisha kwenye mtihani wake. Waulize wahitimu wa chuo hicho: mlifanyia mazoezi hospitali gani? Wodini mlikuwa wangapi kwa mwalimu mmoja? Majibu hayo yanasema zaidi kuliko picha za majengo kwenye kipeperushi.

Fedha

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hukopesha wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye uhitaji. Miongozo yake ya karibuni imetaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na ajira rasmi. Kwa sharti la miaka mitano peke yake, wengi wenye shahada ya zamani hubaki nje. Kama ulishakopeshwa kwa shahada ya kwanza, jua pia kwamba ukiajiriwa rasmi asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa hadi deni liishe. Usijenge mpango wako juu ya mkopo wa pili.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kukopesha pia baadhi ya stashahada katika fani zilizoteuliwa. Si kila kozi ya afya imo kwenye orodha, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako kuona kama uuguzi umetajwa. Anayeomba mkopo atahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Uhakiki huo hufanyika kwa mtandao na huchukua siku, hivyo usiuache hadi wiki ya mwisho.

Kwa familia ya mkulima, fedha zinatoka ghalani. Kaa na wazee mapema, kabla magunia hayajaanza kuondoka. Waambie ada inalipwa kwa awamu ngapi na lini, kisha hesabuni pamoja magunia yatakayotunzwa kusubiri bei ipande. Mpunga unaouzwa shambani siku ya kuvuna, kwa bei ya mwenye shida, haumalizi mwaka wa masomo. Piga hesabu ya miaka yote mitatu au minne, si ya mwaka wa kwanza tu, na ndani yake weka sare, viatu vya wodini, vitabu, bima ya afya, na nauli ya kwenda vituo vya mazoezi.

Muuguzi aliye kazini

Muuguzi aliyeajiriwa na halmashauri anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake kabla ya kuondoka. Hakikisha jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua yako ipite kwa mganga mfawidhi na kwa mganga mkuu wa wilaya, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Anayeondoka bila ruhusa anaweza kuhesabiwa mtoro kazini, na ajira iliyopatikana kwa taabu ikapotea.

Wapo wasioweza kuacha familia na kituo kwa miaka minne. Kwa hao, Chuo Kikuu cha Aga Khan kina programu ya shahada iliyotengenezwa kwa wauguzi wenye stashahada waliomo kazini. Uliza ratiba na gharama zake kabla ya kukata tamaa.

Usaili na barua ya maelezo

Vyuo vingi vya umma vinachagua kwa alama, havikuhoji. Lakini vipo vinavyotoa mtihani wa kuingilia na usaili, Aga Khan kikiwa kimojawapo, na kozi za nje ya nchi karibu zote hudai barua ya maelezo binafsi. Wenye shahada hukosea hapa kwa kuandika maneno makubwa. "Napenda kusaidia watu" ni sentensi ambayo kila mwombaji ameiandika. Eleza ulichokiona kwa macho yako. Siku uliyokaa na mama yako wodini, muuguzi alifanya nini kilichokufanya ubadili nia? Alimgeuza vipi mgonjwa asipate vidonda vya mgongo? Alikujibu nini ulipomuuliza dawa ni ya nini?

Kisha eleza kwa nini unaacha fani yako ya kwanza bila kuidharau. Mwalimu amezoea kumweleza mtoto jambo gumu mpaka aelewe, na kumweleza mama masharti ya dawa ni kazi ya namna hiyo. Mhasibu amezoea kuandika kila kitu kwa wakati na kwa usahihi, na chati ya mgonjwa inadai hivyo hivyo.

Njia za nje ya nchi

Wenye ndugu Uingereza au Marekani huuliza kuhusu zile kozi za haraka. Zipo, na ni nzito. Uingereza mafunzo ya muuguzi hupimwa kwa saa 4,600, nusu yake zikiwa za vitendo, yaani 2,300. Mwenye shahada nyingine anaweza kutambuliwa sehemu ya masomo na uzoefu wake wa nyuma, ndiyo maana anamaliza kwa miaka miwili. Marekani vyuo vingi hudai kwanza masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia na takwimu. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Na ukirudi nyumbani, Baraza la Uuguzi na Ukunga litapima mafunzo yako kabla ya kukusajili. Zungumza na chuo chenyewe, usizungumze na wakala tu.

Ukishachaguliwa

Pakua maelekezo ya kujiunga na uyasome yote. Fanya uchunguzi wa afya kwenye hospitali inayotambuliwa, ujaziwe fomu. Uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa sababu utafanya kazi na damu. Anza kusoma tena kemia na baiolojia kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya darasani na ya mitihani. Ukihitimu, utafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upate leseni, na wa shahada atamaliza mwaka wa utarajali.

Mkoa wetu unaijua thamani ya mtu aliyejifunza tiba kisha akakubali kukaa mbali. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina la Dkt. Atiman. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea tiba Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Njia yake ya kuifikia taaluma haikuwa fupi wala nyoofu, na watu wa Karema walipata zaidi ya miaka sitini ya utumishi wake.

Bonde la Rukwa linahitaji wauguzi wanaolijua: wanaojua kwamba mama wa kitongoji cha mbali hawezi kufika kliniki mto ukijaa, wanaojua kuongea na bibi kwa lugha yake. Dada yetu wa mfano ana sifa hiyo hata kabla ya kuomba. Alichobakiza ni kufungua bahasha leo, kuvitandaza vyeti mezani, na kusoma jina lake herufi kwa herufi.